Kwenda kwa Shangazi na Kurudi

Wifi yangu aliposema tukalale kwake bure, nilijua hapo pana jambo. Mimi ni mzaliwa wa Bungu, milimani, na kwetu mtu akikupa ndizi ambayo hukuomba, unaigeuza kwanza uone upande wa pili. Sasa huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke wa Dar es Salaam, ambaye hata kwenye misiba ya kwao Kabuku huja asubuhi na kuondoka jioni, kulala hataki. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kunikaribisha kwake hata kwa mdomo tu. Leo ananipigia simu mwenyewe: "Wifi, mlete mtoto likizo ya Juni. Mtalala kwangu, mtakula kwangu, na nitampeleka kwenye maji."

Kwenye maji ndiko binti yangu alikokuwa anakulilia. Ni bustani ya michezo, nje kidogo ya jiji, yenye mabwawa na mabomba makubwa ya rangirangi. Mtoto anapanda ngazi, anaketi juu, anaachiliwa, anaibukia chini kwenye maji akipiga kelele. Aliiona kwenye simu ya baba yake, na baba yake, kwa ule ulimi wake usio na breki, akamwambia, "Ukijua kusoma tu, nakupeleka." Mtoto wa miaka sita! Akajua kusoma kabla ya Pasaka. Kuanzia hapo kila kitu nyumbani kikawa cha kutelezea. Alitelezea beseni langu la kufulia likapasuka. Akatelezea turubai la jirani, mpunga umeanikwa juu yake, na aliyesemwa ni mimi.

Tunaishi Korogwe mjini. Mimi nina genge la mboga na matunda, mume wangu ni fundi pikipiki. Watu kama sisi safari ya namna hiyo hawaiendi hivi hivi, wanaipanga. Tuliipanga tangu masika. Nyama ya Jumapili tuliisahau. Tukaamua aende mzazi mmoja tu, na kwa kuwa fundi akifunga banda wateja wanahamia kwa mwingine, mzazi huyo nikawa mimi. Tukauliza huku na huku, tukajua kwamba katikati ya wiki kiingilio ni nafuu kuliko Jumamosi, kwamba mtoto chini ya miaka saba hulipa nusu, na kwamba chakula cha kutoka nyumbani hakivuki geti. Hilo la chakula lilinikasirisha mpaka nikataka tuahirishe. Chakula changu kinawadhuru nini? Lakini mpango ulikuwa unafia kwenye kulala. Nyumba ya wageni ya bei yetu unaogopa kumlaza mtoto, na ile ya kumlaza mtoto si ya bei yetu. Mume wangu akifika hapo anachomeka kalamu sikioni na kusema, "Labda mwakani." Mtoto akisikia mwakani anatoka nje bila kuaga.

Ndiyo maana dada yake alipopiga simu, mwanaume alicheka kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

"Mjini hakuna cha bure," nikamwambia.

"Ni dada yangu yule."

"Hata kama."

Niseme kabisa nilichokuwa naogopa, nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani. Wifi yangu hana mtoto. Ana nyumba, ana vyerehani na mafundi wanaomshonea sare za shule, ana friji ya milango miwili, mtoto hana. Binti yangu ana jina lake. Mama mkwe ndiye aliyelichagua, na tangu siku hiyo wifi anamwita "wajina wangu," wangu, wangu, kila simu. Na huku kwetu kila mtu anajua mambo yanavyokwenda. Mtoto anakwenda likizo kwa shangazi. Likizo inaisha, inapigwa simu: shule za huku nzuri, mtoto kashazoea, mwacheni. Wewe mwenye genge utasema nini? Utasema asante. Ukikataa una roho mbaya, unamzibia mwanao riziki. Wala hakuna atakayesema mtoto amechukuliwa. Watasema yuko kwa shangazi yake, na watakupongeza. Mimi ninaye huyo mmoja tu, wa pili Mungu hajanipa. Nilikuwa naogopa kwenda Dar na mtoto, nikarudi na mkoba.

Na dalili ya mvua ni mawingu. Wiki ile ile wifi akapiga tena, anataka vipimo vya mtoto: mabega, kifua, kiuno, urefu.

"Vya nini, wifi?"

"Namshonea kitu wajina wangu."

Haya! Mtu kazi yake ni kushona sare za shule, na mtoto anaingia darasa la kwanza Januari. Nilimpa vipimo, ila kiunoni nilipunguza. Nikasema kama ni sare, basi na imbane.

Hazikupita siku nyingi akapiga tena. "Wifi, usisahau cheti cha kuzaliwa cha mtoto." Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa wapi kama si shuleni? Eti ni kwa ajili ya getini, kwamba watoto warefu hukataliwa ile nusu, na wajina wake kachukua mwili wa baba yake. Jibu lilikuwa tayari mno. Majibu yanayokuja tayari mno mimi siyapendi.

Halafu likaja la tiketi. "Kabla hamjatoka Korogwe," akasema, "mkate na za kurudi. Siku ijulikane, basi lijulikane. Na mtoto mkatie kiti chake mwenyewe, usimpakate." Hapo nilikaa chini. Mgeni hajafika, mwenyeji anauliza anaondoka lini! Na kiti cha mtoto cha nini, wakati watu wanawapakata wana wao na kondakta anafumba jicho?

"Dada yako anataka awe na uhakika kwamba mimi naondoka," nikamwambia mume wangu.

"Lakini si kasema na mtoto akatiwe ya kurudi?"

"Hiyo ni ya kunipumbaza."

Akaniangalia sana. "Mke wangu, wewe ungekuwa polisi, magereza yangejaa."

Ningemcheka, lakini jioni yake nilimkuta nyuma ya nyumba anaongea na simu, kanipa mgongo. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Wee dada, kwani huyu mtoto si wako? Ni wako huyu." Najua. Ni neno la adabu, kila mtu hulisema, hata mimi nimeshawaambia majirani chungu nzima kwamba mtoto ni wao. Lakini jirani hana friji ya milango miwili. Niliingia jikoni nikasonga ugali mgumu, nikautenga. Alipoanza kula nikamwuliza, "Umeshamwahidi?"

"Nimemwahidi nini?"

"Mtoto."

"Astaghfirullah!" Akaacha kula. "Dada ndiye aliyenisomesha mimi mpaka ufundi. Unamfikiriaje mtu wa namna hiyo?"

"Kwa hiyo hayo ndiyo malipo yake?"

Akanawa mikono, akatoka. Nilijua nimezidisha, na sikuomba radhi.

Nikasema basi niende kwa aliyewazaa wote wawili. Siku moja sikufungua genge, nikapanda gari mpaka Kabuku. Mama mkwe anakaa ndani kidogo kutoka barabara kuu, ana michungwa yake na shamba la mahindi. Nilimkuta uani anapukuchua. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda na mimi nikaanza kupukuchua, maana kwa mama mkwe hukai mikono mitupu. Nikazunguka na habari za afya, habari za mvua, mpaka nikachoka mwenyewe.

"Mama, wifi akimtaka mtoto, nifanyeje?"

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likawa jeupe. "Akimtaka, mwachie."

"Mama!"

"Ana haki yake."

"Haki gani, mama? Kwani tulishikwa naye uchungu?" Mdomo huu! Maneno hayo huwezi kumwambia mama mkwe, hata ukiwa na homa. Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Alichukua hindi lingine, akakaa nalo mkononi bila kulipukuchua, macho yake yako kwenye michungwa. Sikupata neno lingine kwake siku ile, zaidi ya kunifungia machungwa ya kumpelekea mjukuu.

Kwenye gari la kurudi nikaona yote yamekaa sawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama na wanawe walishakaa kikao, na mimi wa kuja ndiye wa kuambiwa mwisho. Ningeweza kukataa safari. Lakini mtoto alikuwa ameshafunga begi lake mwenyewe, kaweka taulo na kopo la kuchotea maji, eti kama maji ya kule yakipungua aongeze. Nani angemwambia hatuendi? Na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka nikamtazame wifi usoni. Simu inaficha mtu.

Tukaenda. Nikabeba maharage ya kwetu na mkungu wa ndizi, isisemwe nimekwenda mikono mitupu. Wifi alitupokea stendi ya Mbezi, kavaa dera jipya, kamnyanyua mtoto juu na kilo zake zote. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hata hajachukua ndizi akauliza, "Tiketi za kurudi ziko wapi?"

Nikamwonyesha. Akachomoa ya mtoto, akachuchumaa mbele yake. "Hii yako. Usimpe mtu. Hata mimi nikikuomba, usinipe." Mtoto akaitia kwenye soksi. Mimi nikasema moyoni, mwanamke huyu anajua kuigiza.

Nyumbani kwake Kimara, kila ukuta una sare. Bluu, kijani, kahawia, ndogo kwa kubwa, zinaning'inia kama watoto wenyewe wamezivua wakakimbia. Chumba tulichopewa kilikuwa na kitanda changu, na pembeni kigodoro kipya kidogo chenye chandarua cha waridi. Mtoto akakirukia. Mimi nikakitazama kile kigodoro, kwenye nailoni yake bado. Mtu ananunua godoro kwa ajili ya kulala siku mbili? Nikashika sketi moja ya bluu iliyoning'inia mlangoni, saizi ya mwanangu kabisa.

"Hii ya nani, wifi?"

"Ya mteja."

"Mteja gani?"

"Wifi, nina oda ya shule nzima. Nikutajie wote?"

Nikaiachia sketi. Lakini nilipokwenda kulala nilimtoa mtoto kwenye godoro lake, nikamweka kwangu, nikafunga ncha ya kanga yake na ncha ya kanga yangu.

Asubuhi tukaenda kwenye maji. Mimi kwa siri nilikuwa nimesokota chapati na mayai ya kuchemsha ndani ya taulo la mtoto, maana sikuwa nimekubaliana na ile sheria yao. Mlinzi wa getini akalifungua lile taulo taratibu. Akaziangalia chapati, akaniangalia mimi. "Mama, na hizi nazo zinaogelea?" Watu wa nyuma wakacheka. Wifi akacheka mpaka akashika ukuta. Chapati zikabaki getini, na kidogo nibaki nazo. Kisha yule wa tiketi akampima mtoto kwa macho, akasema, "Huyu ana nane." Wifi akaninyooshea mkono. Nikatoa cheti cha kuzaliwa, tukalipa nusu. Kumbe lile lilikuwa kweli. Nilihesabu kwamba hilo moja ni kweli, mengine bado.

Ndani wifi akatoa kifurushi. Nguo ya kuogelea, ya kitambaa cha kuvutika, ya bluu, ina marinda ya njano kiunoni. Aliishona mwenyewe, maana za dukani bei yake ni mchezo mwingine kabisa, na za pamba hawazikubali majini. Tulimvalisha mtoto kwa kusukumana. Kiunoni ilimbana, marinda yakakaa kifuani.

"Vipimo hivi alichukua nani?" wifi akauliza.

"Fundi mwingine," nikasema.

Mara ya kwanza mtoto alifika juu ya bomba akaganda. Alikaa pale, kashika kingo, watoto wa nyuma wanapiga kelele, nami chini nimeshika mdomo. Halafu akajiachia. Nilisikia sauti yake ndani ya bomba kabla sijamwona, na alipoibuka, nywele zimelala, maji yanamtoka puani, alikuwa anacheka kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho. Akatoka anakimbia kurudi kwenye ngazi, hata hakunitazama. Akarudi tena, na tena. Nilifurahi jamani. Nilisahau genge, nikasahau chapati, nikajikuta nampigia makofi hata mtoto wa watu. Kwa muda ule nilimpenda wifi yangu.

Njaa ilipomkamata akaja kukaa katikati yetu kwenye viti vya plastiki, anatetemeka, kajifunga taulo lenye harufu ya mayai. Wifi akamnunulia chipsi. Akala, akalamba vidole, akauliza huku anaangalia mabomba, "Mama, mimi si nibaki kwa shangazi? Niwe nakuja huku kila siku."

Nikasema, haya, limefika. Nikamgeukia wifi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyapanga tangu Korogwe, makali na yaliyonyooka.

"Hapana," wifi akasema.

Alilisema kwa ukali, mtoto akaacha kutafuna.

"Hapana. Kesho unarudi na mama yako. Una tiketi. Nenda kateleze."

Mtoto akaondoka kavuta mdomo. Na mimi, mnajua nilifanya nini? Nilikasirika. Mtu niliyemwogopa miezi yote kwamba atamtaka mwanangu, amemkataa, nami nikapandwa na hasira ile ile. "Kwani mwanangu ana nini?" nikamwambia. "Kakukosea nini, mpaka umfokee hivyo?"

Wifi akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka peke yake muda mrefu, kisha kicheko kikaisha na uso ukabaki mtupu.

"Wifi, unajua mimi nilikujaje Dar?"

"Ulikuja kusoma. Shangazi yenu alikuchukua akusomeshe."

"Ndivyo wanavyosema." Akavuta kiti karibu. "Nilikuwa na miaka saba. Shangazi, dada yake baba, alikuja Kabuku, akasema anipeleke nikaone maonyesho ya Sabasaba, Jumapili ananirudisha. Akanisimulia bembea, taa, magari. Nikashindwa kulala. Siku ya kuondoka mama akanipaka mafuta, akanivalisha gauni la sikukuu, akanisindikiza mpaka barabarani. Shangazi akanipakata. Kiti sikuwa nacho wifi, wala tiketi."

Nami nikasogeza kiti changu.

"Sabasaba niliiona, siwezi kusema uongo. Nilipanda bembea, nikala barafu. Jumapili ilipofika nikavaa gauni langu, nikakaa mlangoni. Shangazi akaniuliza, 'Unakwenda wapi?' Nikamwambia, 'Leo Jumapili.' Akaniambia, 'Vua hilo gauni, ukaoshe vyombo.'"

Alikuwa anaongea huku anamfuata mwanangu kwa macho, ngazini, bombani, majini.

"Hakunitesa. Shule alinipeleka, cherehani alinifundisha, nyumba ile mliyolala aliniachia mimi. Watu wakisikia wanasema nilipata bahati, na labda nilipata. Lakini mimi nilikwenda kuona Sabasaba, wifi. Sijarudi mpaka leo."

"Na mama?"

"Mama alijua." Hapo sauti ikabadilika. "Ungeona alivyonipaka mafuta siku ile, mpaka katikati ya vidole vya miguu. Mtu hapakwi vile kwa safari ya siku tatu. Alijua ananitoa. Hajawahi kusema, na mimi sijawahi kumwuliza. Namtumia hela, namwuliza imefika, ananiambia imefika. Basi. Kulala kwake siwezi. Nikilala nitamwuliza."

Nililia. Nililia pale hadharani, katikati ya watu waliovaa nguo za kuogelea, kamasi zinanitoka. Kisha nikamwuliza, maana mimi ni mimi, "Sasa kwa nini ulituita?"

"Nilitaka nione mtoto anakuja, anafurahi, halafu anarudi kwao. Nione kwa macho yangu kwamba inawezekana."

Kesho yake alitufikisha stendi mapema kuliko madereva. Alimwacha mtoto aitoe tiketi mwenyewe kwenye soksi, amwonyeshe kondakta, atafute namba ya kiti chake, akae. Akamfunga mkanda. Akanishika bega: "Nipigie mkifika Chalinze. Nipigie mkifika Mkata. Nipigie kila mnaposimama." Hakusubiri basi liondoke, alishuka na hakugeuka. Nami sitajisifu, mpaka tulipotoka getini mkono wangu ulikuwa umemshika mtoto.

Nilimpigia Chalinze, nikampigia Mkata. Tulipokaribia Kabuku nilikuwa naye hewani, nyuma yake nasikia cherehani inakwenda. Basi likasimama kushusha abiria. Wauza machungwa wakakimbilia madirishani, beseni juu, na katikati yao nikamwona mama mkwe. Hakuwa na beseni. Alikuwa amevaa kanga zake za kutokea, anatazama dirisha moja baada ya jingine. Mume wangu alikuwa amemtajia basi letu.

"Bibi!" mtoto akaita.

Akaja mbio, umri ule! Akaushika mkono wa mtoto dirishani kwa mikono yake yote miwili. "Amekurudisha," akasema. "Amekurudisha kweli." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti.

"Wifi, mama huyu hapa," nikasema kwenye simu.

"Msalimie."

"Msalimie mwenyewe." Nikaongeza sauti, nikaipitisha simu dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Nilidhani atasema hela imefika. "Mtoto nimemwona."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe nilikuja kukupokea."

"Lini, mama?"

"Jumapili ile. Nilikuja hapa hapa tangu asubuhi. Nilipokea mabasi yote ya Dar mpaka giza likaingia. Na Jumapili ya pili nikaja, na ya tatu. Baba yako ndiye aliyenikataza, akaniambia yeye na dada yake walishakubaliana, nisimtie aibu barabarani. Mimi sikuambiwa, mwanangu. Ningejua, ningekupaka mafuta ya nini?"

Kwenye simu cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama akaisogeza simu karibu zaidi na sikio, akangoja. Kondakta akapiga bodi, "Twende, twende!" Basi likaanza kutembea, naye akatembea nalo, simu kaishika kwa mikono miwili, hatazami anapokanyaga. Mtoto akaniambia, "Mama, simu yako!"

Nikamwambia amwache bibi aongee.